Kiyoyozi cha gari la umeme hula kwa saa, Holili ijiandae

SIKU za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, mpaka wa Holili huamka kabla ya jua. Matenga ya nyanya, mikungu ya ndizi, magunia ya vitunguu na mahindi hushushwa na kupakiwa tena. Noah, pikapu, Fuso na bodaboda hupishana kwa taabu. Kila mtu ana haraka, lakini karibu kila mtu husubiri. Anasubiri karatasi, anasubiri mnunuzi wa upande wa pili, au anasubiri mwenzake aliyetangulia na fedha.

Tangu kituo cha pamoja cha huduma mpakani cha Holili na Taveta kilipozinduliwa mwaka 2016, msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja badala ya kusimama mara mbili. Hata hivyo, kusubiri hakujaisha. Biashara ya mpakani ni biashara ya saa nyingi za kukaa na saa chache za kwenda.

Jambo hilo linaloonekana la kawaida litakuwa na uzito mkubwa kwa yeyote anayefikiria kununua gari la umeme. Katika gari la petroli, dereva anayesubiri huzima injini, hufungua milango na kwenda kukaa chini ya mti. Katika gari la umeme hakuna injini ya kunguruma. Kiyoyozi kinafanya kazi kimya kimya, moshi hautoki na hakuna harufu ya mafuta. Dereva anaweza kukaa ndani saa tatu akipigwa na hewa ya ubaridi, akadhani kwa kuwa gari halitembei basi halitumii kitu. Hapo ndipo mtego ulipo.

Magari hayo bado ni machache upande huu wa Kilimanjaro, lakini hakuna sababu ya kudhani yataishia mijini. Mwaka 2018 magari ya utalii yanayotumia umeme yalianza kuingia katika hifadhi za Kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2022 mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria jijini Nairobi. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, na mwaka 2024 Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli. Hapa nchini, bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024.

Msukumo mkubwa, hata hivyo, utatoka mfukoni. Mwaka 2022 bei ya petroli nchini ilivuka shilingi 3,000 kwa lita. Kwa bei kama hiyo, gari linalokwenda kilometa 10 kwa lita hutumia shilingi 30,000 kwa kilometa 100. Gari dogo la umeme huhitaji uniti kama 17 kutoka kwenye soketi kwa umbali huo huo. Kwa makadirio ya shilingi 350 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 6,000. Mfanyabiashara mwenye akili hawezi kuipuuza tofauti hiyo, na wauzaji wa magari yaliyotumika wanaijua vizuri.

Wasichomweleza mnunuzi ni kwamba katika gari la namna hii, swichi ya feni na ya kiyoyozi ni sehemu ya tangi la mafuta.

Betri ni Luku inayotembea

Kila mwenye nyumba yenye Luku anajua kwamba uniti haziulizi zinakwenda wapi. Pasi, jiko, redio na taa hula kutoka mita moja. Gari la umeme liko hivyo hivyo. Betri inayosukuma magurudumu ndiyo hiyo hiyo inayoendesha kiyoyozi, hita, feni na taa.

Kiyoyozi cha gari la petroli huzungushwa na mkanda wa injini. Cha gari la umeme kina kompresa yake yenye mota. Gari lililoachwa juani likawa kama tanuri linapowashwa, kompresa hiyo inaweza kuvuta kilowati 2 au zaidi kwa dakika za mwanzo. Ndani kukishapoa, matumizi hushuka hadi karibu kilowati 1, na pengine chini ya hapo. Feni peke yake, bila kompresa, hutumia kidogo sana. Ikizungushwa polepole haifiki hata moja ya kumi ya kilowati.

Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme. Kwenye joto la nyuzi 35 kiyoyozi kikiwa kimewashwa, umbali ambao gari lingeweza kwenda ulipungua kwa wastani wa asilimia 17. Kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, hita ikiwa imewashwa, ulipungua kwa asilimia 41. Baridi ya namna hiyo haipo Holili, na mtu anaweza kuridhika kwamba asilimia 17 si hasara kubwa.

Lakini vipimo hivyo vilifanywa kwa gari linaloendeshwa. Magurudumu hula kwa kilometa, kiyoyozi hula kwa saa. Anayekwenda mwendo mzuri kutoka Moshi hadi Himo hataona tofauti kubwa, kwa sababu muda ni mfupi. Anayesimama mpakani saa tatu hajaongeza hata kilometa moja, lakini Luku yake inashuka.

Hesabu ya safari moja

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Moshi aliyenunua gari dogo la umeme lililotumika, ambalo likiwa jipya betri yake ilikuwa na uniti 24. Betri imechakaa, sasa inabeba kama 16. Kwa kuwa si busara kuimaliza kabisa, tuseme ana uniti 14 za kutumia. Gari linakula uniti 15 kwa kilometa 100.

Kutoka Moshi hadi Holili ni kama kilometa 40, hivyo kwenda na kurudi ni 80. Magurudumu yatahitaji uniti 12. Zinabaki 2.

Akikaa barabarani saa moja na nusu na mpakani saa tatu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa muda wote kwa wastani wa kilowati 1, kitakula uniti nne na nusu. Amepungukiwa uniti mbili na nusu, ambazo ni sawa na kilometa 17 hivi. Gari litazimika mahali fulani kati ya Himo na Moshi, jioni, na mzigo ukiwa ndani.

Mfanyabiashara huyo huyo, akitumia feni peke yake kwa spidi ndogo saa zote nne na nusu, atatumia takriban nusu ya uniti. Atafika nyumbani na akiba. Akiwasha kiyoyozi barabarani tu na kukizima anaposubiri, atafika pia, japo kwa kubanabana.

Ieleweke kwamba tatizo si bei ya umeme. Uniti nne na nusu ni kama shilingi 1,600. Aliye na gari la petroli akiwasha injini saa tatu ili apate ubaridi atachoma mafuta ya fedha nyingi kuliko hizo. Kinachoumiza ni kwamba petroli inauzwa hata kwenye madumu, lakini uniti haziwekwi kwenye dumu. Gari lililoishiwa chaji njiani huhitaji kukokotwa, na gharama ya kulikokota pamoja na nyanya zilizolainika inaweza kumeza faida ya wiki nzima.

AUTO haisomi mawazo ya dereva

Magari mengi ya umeme yanayouzwa yakiwa yametumika yana kiyoyozi kinachojiendesha. Dereva hubonyeza kitufe kilichoandikwa AUTO, huchagua nyuzi za joto anazotaka, na gari hufanya mengine. Wengi huona hiyo ni raha tupu. Ni vema wajue gari linafanya nini.

Ndani ya gari kuna vipimajoto. Kimoja hupima joto la ndani na kingine la nje. Magari mengi yana pia kidude kidogo juu ya dashibodi kinachopima ukali wa jua. Kompyuta hulinganisha vipimo hivyo na nyuzi alizochagua dereva. Kisha huamua kompresa izunguke kwa nguvu gani, feni iwe spidi gani, hewa itoke usoni au miguuni, na kama ivutwe kutoka nje au izungushwe ile ya ndani.

Lengo la kompyuta hiyo ni kufikia nyuzi zilizochaguliwa. Haijui kwamba dereva amesimama Holili, wala kwamba hakuna mahali pa kuchaji kabla ya Moshi. Ikiambiwa nyuzi 18 wakati nje ni 33, itapiga feni kwa nguvu na kuizungusha kompresa mfululizo bila kupumzika, kwa sababu lengo haliko karibu.

Kuna imani kwamba kuweka nyuzi za chini kabisa hupoza gari haraka. Gari likiwa limechemka, kompresa hufanya kazi kwa nguvu mwanzoni, uchague 18 au 25. Tofauti huja baadaye. Aliyechagua 25 au 26 ataona feni inapungua yenyewe na kompresa inatulia. Aliyechagua 18 atalipa hadi mwisho wa safari.

Katika magari mengi, kubonyeza AUTO huwasha kompresa hata kama dereva alitaka upepo tu. Anayetaka feni peke yake hana budi kuzima kitufe chenye herufi A/C, ahakikishe na hita imezimwa, kisha achague spidi ya feni kwa mkono. Hatua hizo huchukua sekunde chache, lakini kwa asiyezijua zinaweza kuwa umbali wa Himo hadi Moshi.

Mambo ya kufanya

Gari likitoka juani, lisifungwe na kupozwa papo hapo. Milango ifunguliwe dakika mbili, kisha gari liendeshwe vioo vikiwa wazi kwa muda mfupi. Hewa iliyochemka itoke bure badala ya kupozwa kwa gharama. Baada ya hapo vioo vifungwe, kiyoyozi kiwashwe kwa nyuzi 25 au 26, na hewa ya ndani izungushwe. Kitufe chake huchorwa gari lenye mshale unaozunguka ndani. Hewa iliyokwisha kupoa ni rahisi kuipoza tena kuliko ile ya nje, na vumbi la barabarani halitaingia.

Hewa ya ndani isizungushwe safari nzima abiria wakiwa wengi. Huwa nzito, vioo huweka ukungu, na dereva huanza kusinzia. Kila baada ya muda iachwe ya nje iingie.

Gari likiwa bado limeunganishwa na umeme nyumbani, lipozwe kabla ya kuondoka. Magari mengi yana saa ya kupanga kazi hiyo. Kilowati nyingi za dakika za mwanzo zitatoka TANESCO badala ya kutoka kwenye betri, na safari itaanza betri ikiwa imejaa na ndani kumepoa.

Chujio la hewa ya ndani lisisahaulike. Kwenye barabara za vumbi za tambarare huziba haraka. Likiziba, feni huhangaika, hewa hutoka kidogo, na dereva huongeza spidi akidhani kiyoyozi kimepungua nguvu. Katika magari mengi chujio hilo hukaa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, na kulibadilisha hakuhitaji fundi mkubwa.

Anayebeba vifaranga awe mwangalifu zaidi. Vifaranga huhitaji hewa safi kuliko ubaridi. Ukizungusha hewa ya ndani katika gari lililofungwa, na maboksi yamepangwa hadi juu, unaweza kuvifikisha vikiwa vimekufa. Hewa ya nje iingie muda wote, feni iwe ya wastani, na upepo wa kiyoyozi usiyapige maboksi moja kwa moja.

Hayo yote hayamaanishi dereva ajitese. Anayeendesha kwenye joto la nyuzi 34 bila hewa huchoka, na dereva aliyechoka ni hatari kuliko betri iliyopungua. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika chache, liwe la umeme au la mafuta. Kinachotakiwa ni hesabu, si adhabu.

Ukipanda mlima, mambo hubadilika

Wilaya ya Rombo, ambamo Holili imo, ina hali ya hewa zaidi ya moja. Chini mpakani ni joto na vumbi. Juu, kwenye vihamba vya migomba na kahawa, asubuhi za Juni hadi Agosti huwa na ukungu na baridi ya kumfanya mtu avae sweta mbili. Dereva anaweza kuhitaji hita asubuhi na kiyoyozi mchana wa siku hiyo hiyo.

Katika gari la petroli joto la hita ni la bure, kwa kuwa hutoka kwenye injini ambayo ingelitupa nje. Gari la umeme halina joto la kutupa. Hita yake hulitengeneza kwa uniti za betri, na katika magari ya zamani zaidi inaweza kuvuta kilowati kadhaa kwa wakati mmoja, kuliko kiyoyozi. Magari mengine yana pampu ya joto, ambayo hufanya kazi hiyo kwa umeme mdogo zaidi. Mnunuzi wa Mkuu, Tarakea au Mwika aulize mapema gari analotaka lina ipi kati ya hizo.

Aliyeacha AUTO kwenye nyuzi 25 mchana wa Holili, akaamka kesho yake Rombo kwenye nyuzi 14, atakuta gari limewasha hita lenyewe bila kuombwa. Ni nafuu kuvaa koti. Kama viti vina umeme wa kupasha joto, hivyo hutumia kidogo sana kuliko hita. Kioo cha mbele kikipata ukungu, kitufe chake kitumike bila kusita kwa ajili ya usalama, kisha kizimwe kioo kikisafika.

Mlima una neema yake pia. Kuinua gari na mzigo wenye jumla ya kilo 1,800 kwa kimo cha meta 1,000 huhitaji takriban uniti 5, kabla ya kuhesabu matumizi mengine. Lakini kuteremka huirudishia betri sehemu ya umeme huo kila dereva anapopunguza mwendo. Ndizi na maparachichi huteremka na gari likiwa zito, kisha gari hupanda likiwa jepesi. Kwa mkulima wa migombani hiyo ni bahati. Ila asichaji hadi mwisho akiwa juu, kwa kuwa betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea umeme wa mteremko.

Betri nayo husikia joto

Suala la joto haliishii kwa dereva. Betri yenyewe huchakaa haraka ikikaa kwenye joto kali. Magari mengi ya kisasa hupoza betri kwa maji maalumu, na baadhi hutumia kompresa ile ile ya kiyoyozi. Ndiyo maana mtu anaweza kusikia feni inazunguka gari likiwa linachaji na hakuna mtu ndani. Hilo si hitilafu, wala si la kuzimwa.

Yapo magari yasiyo na mfumo huo. Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010 na ambayo ni miongoni mwa magari ya umeme yaliyouzwa kwa wingi duniani, kwa miaka mingi ilipoza betri yake kwa hewa inayopita tu. Mwaka 2012 wamiliki wa magari hayo katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ambako joto ni kali, walilalamika kwamba betri zao zilipungua uwezo mapema, na kampuni ikaongeza dhamana ya betri. Kwa gari la namna hiyo, dawa ni kivuli na subira. Lisiegeshwe juani siku nzima, lichajiwe usiku, na likitoka safari ndefu ya joto lipumzike kwanza.

Mnunuzi wa Leaf iliyotumika aangalie kwenye dashibodi vijiti vidogo vinavyoonyesha afya ya betri, ambavyo ni tofauti na vile vya chaji. Likiwa jipya vilikuwa 12. Kijiti cha kwanza kikipotea, betri imepoteza kama asilimia 15. Kila kinachofuata ni zaidi ya asilimia 6. Gari lenye vijiti 8 limepoteza karibu theluthi moja ya uwezo wake, hata kama rangi inang'aa na viti ni vipya. Gari la namna hiyo ndilo lililotumika katika hesabu ya Moshi na Holili hapo juu.

Mzigo huu si wa mnunuzi peke yake

Ni rahisi kusema mnunuzi ajihadhari. Lakini mtu atajihadhari vipi na asichoweza kukisoma? Magari mengi yaliyotumika huletwa kutoka Japani, na maandishi ya dashibodi na skrini huwa ya Kijapani. Mwenye gari la petroli aliweza kuishi na tatizo hilo, kwa kuwa gia, breki na usukani havihitaji kusomwa. Katika gari la umeme, saa ya kupoza gari kabla ya safari, kiwango cha kuchaji na taarifa ya matumizi ya kiyoyozi vyote viko kwenye skrini hiyo. Anayeuza gari ambalo mwenyewe hawezi kulisoma anauza nusu ya gari.

Kwa hiyo, wauzaji wanapaswa kumkabidhi mnunuzi mambo mawili pamoja na funguo. La kwanza ni karatasi ya afya ya betri iliyopimwa kwa kifaa. La pili ni maelekezo ya Kiswahili, hata kama ni ukurasa mmoja, yanayoonyesha kitufe kipi ni cha feni peke yake, kipi cha kompresa, kipi cha hita, na saa ya kupanga inawekwaje.

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, hukagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Kwa gari la umeme, kukagua breki, taa na matairi bila kupima betri ni sawa na kumkagua ng'ombe wa maziwa pembe na kwato bila kumtazama kiwele. Afya ya betri iwe sehemu ya ukaguzi, na matokeo yaandikwe mahali ambapo mnunuzi atayaona.

VETA nayo ina kazi. Kiyoyozi cha gari la umeme hakifunguliwi na fundi wa kubahatisha. Kompresa yake hutumia umeme wa volti mia kadhaa unaoweza kuua, na hata mafuta yanayowekwa humo si yale ya kiyoyozi cha kawaida. Vijana wa Moshi na Himo wanaojaza gesi za viyoyozi leo ndio watakaoletewa magari haya kesho. Wafundishwe kabla ya ajali, si baada yake.

Jambo kubwa zaidi ni la mpakani penyewe. Saa tatu za kusubiri Holili zinaweza kuwa laana au neema. Soketi ya kawaida ya ukutani inaweza kulipa gari kilowati 2 na nusu hivi. Kwa saa tatu hiyo ni uniti 7 na nusu, na hata baada ya kupungua kidogo njiani zinatosha kwa karibu kilometa 45. Gari ambalo lingezimika kabla ya Moshi lingefika, na kiyoyozi kingewashwa bila woga. Hazihitajiki mashine za kuchaji za mamilioni. Zinahitajika soketi imara chache zilizofungwa na fundi mwenye leseni, mita ya Luku, na paa la kutoa kivuli.

Halmashauri ya Rombo na wasimamizi wa kituo cha mpakani walitazame hilo kama wanavyotazama choo cha soko au bomba la maji. Ni huduma, na inaweza kulipiwa. Kivuli hicho hicho kitawafaa wenye matenga ya nyanya ambao hawatakuwa na gari la umeme kwa miaka kumi ijayo. Kama kwa upande wa Taveta mwenye gari analipia chaji kwa bei iliyopangwa na Holili hakuna hata soketi, fedha za kusubiri zitavuka mpaka kila siku ya soko.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya matajiri, kwamba mkulima wa Kilimanjaro ana shida kubwa kuliko spidi ya feni. Maneno kama hayo yalisemwa juu ya simu za mkononi, na leo muuza ndizi anapokea malipo kwa simu akiwa bado ameshika mkungu. Bodaboda na bajaji za umeme hazina kiyoyozi, lakini pikapu na Noah za kesho zitakuwa nacho. Atakayeumia si tajiri mwenye magari matatu. Ni yule aliyeuza ng'ombe, akachukua mkopo wa kikundi, akanunua gari moja la kubebea mzigo kwa kuwa aliambiwa umeme ni rahisi.

Aliyemwambia hivyo hakumdanganya. Umeme ni rahisi kweli. Lakini alipaswa kumwambia pia kwamba gari lile linahesabu kilometa na saa kwa pamoja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hiyo hiyo hukimaliza. Hadi soketi na paa vitakapojengwa Holili, anayesubiri mpakani na azime A/C, afungue mlango na akae chini ya mti kama walivyofanya waliomtangulia.